Mashikio ya Springi: Kuikarabati Land Rover ya Zamani Kuanzia Chini

Land Rover ikianza kugonga chini, wengi hukimbilia kubadilisha shoki. Kelele hupungua siku chache kisha inarudi, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye shoki. Uko kwenye shikio, yaani pale springi inaposhikana na chesisi: bushi ya mpira imekwisha, bolti imelika, na pengine tundu la chuma lenyewe limepanuka hadi likawa na umbo la yai.

Bushi iliwekwa pale ili iliwe badala ya chesisi. Ukiiacha ikaisha, chesisi ndiyo inayoanza kuliwa, na chesisi ya Land Rover ya mwaka 1975 si kitu cha kuagiza kesho. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Land Rover hizi zilizobaki nchini, zikiwemo zile zilizounganishwa Thika enzi za Leyland, ndizo tulizo nazo. Kila shikio la springi linalookolewa ni gari linalobaki barabarani.

Mwongozo huu unahusu Land Rover za Series: II (1958–1961), IIA (1961–1971) na III (1971–1985). Kama una Peugeot 404 au 504, vyuma vyako vina umbo tofauti, lakini kanuni ya kukaza bushi ya mpira utakayoisoma hapa chini ni ile ile.

Springi imeshikwaje?

Ingia chini ya gari (likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote, injini imezimwa) ufuate springi moja kwa macho. Ncha moja imefungwa kwa bolti kati ya masikio mawili ya chuma yaliyochomelewa kwenye chesisi. Ncha ya pili inaning'inia kwa sheko, yaani vibamba viwili vya chuma vyenye bolti mbili, moja ikipita kwenye jicho la springi na nyingine kwenye chesisi. Sheko inahitajika kwa sababu springi ikibonyea hurefuka, na lazima ncha moja iwe na nafasi ya kwenda na kurudi.

Kila jicho la springi lina bushi, na pale sheko inaposhika chesisi pana bushi nyingine. Hizo ni tatu kwa kila springi, 12 kwa gari zima.

Ukipata bushi kuukuu ikate katikati uitazame. Ndani pana bomba dogo la chuma, nje pana bomba kubwa, na katikati pana mpira ulioshikamana na mabomba yote mawili. Bushi hii haizunguki juu ya bolti. Bolti ikikazwa hubana bomba la ndani lisisogee kabisa. Bomba la nje nalo limebanwa na jicho la springi. Kinachocheza ni mpira wenyewe, unajipinda kisha unarudi. Shika jambo hili vizuri, kwa maana nusu ya makosa ya gereji hutokana na kutolielewa.

Kwa nini huku kwetu huisha haraka

Kericho hunyesha karibu kila alasiri katika miezi mingi ya mwaka. Gari linalotoka Kapsoit kuelekea Sosiot, au linaloingia njia za udongo kati ya mashamba ya chai, hurudi na tope jekundu limejaa kati ya sheko na springi. Tope likikauka huwa kama msasa. Bolti ikiwa imelegea hata kidogo, ule msasa hukwangua bomba la ndani, kisha bolti, kisha tundu la sikio. Kutu humalizia. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na inaweza kung'aa miaka 50, lakini chesisi ni ya bati la chuma lenye unene wa takriban milimita 2, limekunjwa likawa sanduku lenye uwazi ndani. Maji yakiingia humo na vitundu vya kutolea maji vikizibwa na tope, kutu huanzia ndani, mahali usipopaona.

Na usisahau barabara kuu ya Kisumu. Gari lililozoea mwendo wa pole shambani likitiwa kwenye lami huku bushi za nyuma zimekwisha, ekseli ya nyuma hujielekeza yenyewe. Dereva huhisi kama usukani una ulevi, naye hulaumu boksi la usukani ambalo halina kosa.

Kagua kabla ya kununua chochote

1. Simamisha gari mahali tambarare. Pima kwa utepe kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Andika. Tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto isikutishe. Springi za gari hili hazikutengenezwa sawa. Ya upande wa dereva ina upinde zaidi kidogo ili kubeba uzito wa dereva na tangi.
2. Osha mashikio yote kwa maji na brashi, yaache yakauke, kisha liendeshe gari kilomita chache ukague tena. Vumbi jekundu laini linalotoka kandokando ya kichwa cha bolti ni chuma kinachosagana na chuma. Ukiliona, bolti hiyo lazima itoke.
3. Tazama mpira. Umechomoza nje kama ulimi? Umepasuka? Bomba la ndani limekaa katikati, au limeshuka upande mmoja?
4. Chomeka mtaimbo kati ya jicho la springi na sikio la chesisi, ubonyeze taratibu. Mpira mzima hujipinda kidogo kisha hurudi. Uliokwisha huruka na kugonga. Usitie vidole mahali pa mtaimbo.
5. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye jicho la springi hadi kwenye sikio. Mwenzako aendeshe gari mbele na nyuma polepole akikanyaga breki, nawe usimame pembeni, si mbele wala nyuma ya gari. Vipande viwili vya mstari vikiachana kwenda mbele na nyuma, bushi hiyo haishiki kitu.

Gari la kubeba mizigo kwa biashara hukaguliwa na NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kila mwaka. Heri uyaone haya wewe mwenyewe kwanza.

> ONYO KUBWA: HENDIBREKI
> Hendibreki ya Land Rover za Series haishiki magurudumu. Inashika propela inayotoka kwenye gia kwenda ekseli ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliruhusu lizunguke hewani, na lile la chini linaweza kubingirika hata hendibreki ikiwa imevutwa hadi mwisho. Gari huanguka kutoka kwenye jeki.
> Weka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Vuta leva yenye kichwa chekundu nyuma (nguvu za chini, magurudumu manne), kisha ingiza gia. Kama habu za mbele ni za kufungua na kufunga, zifunge. Hata baada ya yote hayo, kabari ndizo za kutegemewa.

Vifaa

Jeki mbili, stendi mbili madhubuti, na vipande vya ubao mnene wa kuweka chini yake. Ardhi ya Kapsoit baada ya mvua humeza jeki bila ubao. Spana na soketi za inchi (nyuzi za bolti hizi si za milimita, na Series za mwanzo zina bolti za nyuzi za zamani za Kiingereza, nati isiyokubali kuingia kwa vidole usiilazimishe). Mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, msumeno wa chuma, tindo, nyundo, drili, tupa ya mviringo. Utahitaji pia bolti ndefu imara yenye washa nene na kipande cha bomba lenye kipenyo sawa na ukingo wa nje wa bushi. Hiyo ndiyo presi ya maskini, na inafanya kazi vizuri. Miwani ya kulinda macho si ya hiari, kwa sababu kutu ya chesisi inadondokea usoni moja kwa moja.

Upande wa vipuri, nunua bushi, bolti na nati mpya pamoja. Bolti mpya kwenye bushi kuukuu ni hasara, na kinyume chake pia. Sehemu ya bolti inayopita ndani ya bushi lazima iwe laini. Bolti yenye nyuzi kuanzia kichwani hadi mwisho hukata tundu kama tupa. Tazama kichwa chake: bolti ya inchi yenye mistari mitatu au sita ni ya nguvu, isiyo na alama yoyote iache dukani.

Kutoa springi

Fanya springi moja kwa wakati mmoja. Ukizitoa zote mbili za ekseli moja, ekseli huhama, na kuirudisha mahali pake ni jasho la bure.

1. Siku moja kabla, paka mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila bolti. Rudia jioni na asubuhi.
2. Legeza nati za gurudumu, inua gari, weka stendi chini ya chesisi (si chini ya springi), kisha toa gurudumu. Litikise gari kwa mkono. Likicheza, panga stendi upya.
3. Weka jeki ya pili chini ya ekseli ibebe uzito wake tu. Ekseli isining'inie kwa hosi ya breki.
4. Piga picha kwa simu: sheko ilivyokaa, kibamba kipi kiko ndani, bolti zimeingilia upande gani.
5. Fungua shoki upande wa chini, kisha nati za yu-bolti.
6. Sasa sheko. Hapa ndipo wengi huharibu. Kimoja kati ya vibamba viwili kina nyuzi ndani yake; bolti imeskurubiwa kwenye kibamba chenyewe, kisha ikafungwa kwa nati kwa nje. Ukitoa nati na kuanza kugonga bolti kwa nyundo, unang'oa nyuzi za kibamba. Toa nati, kisha iskurubue bolti itoke.
7. Toa bolti ya ncha ile isiyo na sheko. Bomba la ndani la bushi likiwa limeshikana na bolti kwa kutu, bolti itazunguka bila kutoka. Ikate kwa msumeno kati ya jicho na sikio, kila upande. Bolti ni ya kutupwa, sikio si la kutupwa.
8. Teremsha ekseli kidogo kwa jeki hadi springi iachie. Springi ni nzito, muwe wawili.

Mafundi wengi hupenda kuchoma mpira kwa moto wa gesi ili bushi itoke upesi. Usiwaruhusu. Moto hulegeza chuma cha springi kwenye jicho, na jicho lililolegea hufunguka siku gari limebeba mzigo. Zaidi ya hayo, kwenye Land Rover fupi tangi la petroli liko chini ya kiti, na hosi za breki zipo karibu.

Njia salama ni ya polepole. Toboa mpira kwa drili hadi bomba la ndani litoke. Pitisha ubapa wa msumeno ndani ya bomba la nje, ulikate kwa urefu mpaka uhisi umebakiza unene wa karatasi, kisha likunje ndani kwa tindo. Ukifika kwenye chuma cha jicho, umepitiliza.

Sasa tazama chuma

Usikimbilie kutia bushi mpya. Dakika hizi ndizo zinazoamua kama kazi itadumu miaka au miezi.

*Tundu la sikio.* Safisha kwa brashi, chomeka bolti mpya bila bushi, uitikise. Inapaswa kukaa bila kupwaya. Tundu lililopanuka hurekebishwa hivi: tengeneza washa nene ya chuma yenye tundu la kipimo halisi, moja kwa kila sikio, pitisha bolti kwenye masikio yote mawili na washa zake ili matundu yakae mstari mmoja, chomelea washa kidogo kidogo, pembe hii kisha ile, chuma kisipinde, toa bolti kabla ya kumalizia. Fundi akichomelea sikio moja moja bila bolti ya kuongoza, matundu hayataelekeana, na bushi mpya itakaa imepinda tangu siku ya kwanza.

*Bomba la chesisi.* Bushi ya sheko inapaswa kuingia kwenye bomba la chesisi kwa nguvu. Ikiingia kwa kidole gumba, bomba limekwisha. Kuna wanaofunga bushi kwa kipande cha bati la mkebe ili ibane. Bati hilo husagika ndani ya mwezi, na safari hii bomba hupanuka zaidi. Mpelekee fundi wa kukereza bushi yako mpya kama kipimo, akereze bomba jipya, kisha la zamani likatwe na hili lichomelewe mahali pake sawasawa.

*Chesisi kando ya shikio.* Igonge kwa nyundo ndogo, sentimita chache chache. Chuma kizima hulia. Kilichooza husema *dup*. Chokoza kwa bisibisi yenye ncha. Ikipenya, kata hadi ufikie chuma safi. Kiraka kisiishie kwenye mstari mmoja ulionyooka wima, kwa kuwa hapo ndipo chesisi itakapopasuka baadaye. Ncha zake ziwe za mshazari na kona za mviringo. Kamwe usichomelee kiraka juu ya kutu. Usizibe vitundu vya kutolea maji.

> KABLA YA KUCHOMELEA
> - Betri imetenganishwa (Series III ina alteneta, na umeme wa kuchomelea huiunguza).
> - Tangi na mabomba ya petroli yametolewa au yako mbali kabisa. Kufunika kwa gunia lililolowa si kinga.
> - Hosi za breki zimeondolewa karibu.
> - Mtu wa pili yupo na mchanga au kizima moto.

Masikio yakiwa yameoza kiasi cha kubomoka mkononi, kazi hiyo haifanywi kandokando ya barabara. Shikio likichomelewa sentimita moja mbele au nyuma, ekseli itakaa upande na gari litatembea kama kaa. Lipeleke kwa fundi anayepima kutoka kona hadi kona ya chesisi kabla ya kukata chochote.

Bushi gani?

Fundi atakwambia: "Mzee, tukate hii kutoka kwa tairi ya lori, itakaa kuliko ya duka." Mjibu kwa heshima, lakini mjibu: "Fundi, ya tairi itashikanishwaje na bomba la ndani?" Haishikanishwi. Raba ya tairi huzunguka juu ya bolti, tope huingia, na bolti huanza kulika. Itakufikisha nyumbani umekwama, wala hakuna aibu hapo. Lakini wiki ijayo itoe.

Bushi za plastiki ngumu zinazouzwa kwa vipande viwili ni halali. Hizo zimeundwa kuzunguka kwenye bomba lake, nazo hupakwa grisi ya silikoni inayokuja nazo. Hudumu, lakini gari huwa gumu zaidi kwenye mawe. Kwa gari la shamba linalobeba chai na familia, mimi huchagua mpira wa kawaida ulio bora. Bonyeza bomba la ndani kwa kidole ukiwa dukani. Likitengana na mpira, mrudishie mwenye duka.

Kurudisha

1. Safisha jicho na tundu kwa msasa, paka sabuni kidogo. Grisi ya kawaida na oili huharibu mpira.
2. Vuta bushi ndani kwa bolti ndefu na kipande cha bomba, ukisukuma bomba la nje tu. Ukisukuma la ndani, unachana mpira kabla gari halijatembea. Bomba la ndani lichomoze sawa pande zote mbili.
3. Paka chuma kilichochomelewa redoksaidi, kisha rangi. Ndani ya chesisi nyunyiza nta au mafuta mazito, mbali na mpira.
4. Rudisha springi upande wake ule ule. Senta bolti yake iingie kwenye tundu la kikalio cha ekseli kabla ya kugusa yu-bolti. Yu-bolti ziwe mpya.
5. Ingiza bolti zote za sheko na masikio, na uzikaze kwa vidole tu.
6. Kaza yu-bolti kwa zamu, pembe kwa pembe. Funga shoki, rudisha gurudumu.
7. Teremsha gari likae kwa magurudumu yake. Lisukume mbele na nyuma, libonyeze kila kona mpaka springi itulie.
8. Sasa ndipo ukaze bolti za bushi, ukifuata nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha modeli yako. Kwenye sheko, kaza bolti kwanza, kisha nati ya nje huku bolti imezuiwa isizunguke.

Kwa nini hatua ya 8 ingojee? Gari likiwa juu ya stendi, springi imening'inia. Ukikaza hapo, mpira umefungwa katika hali hiyo. Ukiliteremsha, mpira wote unajipinda na kubaki umejipinda hata gari likiwa limelala. Bushi ya miaka hupasuka ndani ya wiki, na mwenye gari huapa kwamba vipuri vya siku hizi ni vya bandia.

Orodha ya baada ya kazi

- Kipimo cha gurudumu hadi bodi kimeandikwa upya na kulinganishwa na kile cha kwanza.
- Hosi ya breki haijajipinda wala haigusi springi.
- Vibamba vya sheko havikwaruzi chesisi springi ikibonyea.
- Gari halivuti upande breki ikikanyagwa, kwanza polepole uwanjani, baadaye barabarani.
- Baada ya kilomita 100 hivi, yu-bolti na bolti zote zimekazwa tena, gari likiwa chini. Na mara nyingine baada ya 500.
- Kila msimu wa mvua ukiisha, mashikio yameoshwa na kutazamwa kama yanatoa vumbi jekundu.